Sura ya Sita: Lalamiko Namba 212

Saa mbili na nusu asubuhi Sajini Kaltumi Fadhul alikuwa amekwisha kugombana na mtu wa kwanza wa siku ile, na mtu mwenyewe alikuwa mkuu wake.

"Funga hiyo faili," alisema Afande Hamim. Alikuwa mkuu wa upelelezi wa kituo, pande la mtu, tena mpenda meza tupu. Asubuhi hiyo meza yake ilikuwa na faili moja tu, na alikuwa akiisukuma kwa kidole kama mtu anayesukuma sahani yenye nzi. "Huyu kijana hajapotea. Hata kidogo."

"Afande, simu yake imezimwa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo ni siku ya tisa. Pikipiki yake haionekani. Hajalala kwao. Alikwenda Namuwongo kupiga picha karibu na reli, na hakuna mtu aliyemwona akirudi."

"Na hiyo kazi inatumwa kila siku, nani anatuma? Jini?"

Hapo ndipo walipokwama kila mara. Wasim, mtoto pekee wa Mwalimu Zahara wa Old Kampala, alikuwa fundi wa ramani katika kampuni ndogo ya michezo ya simu. Tangu atoweke, mchezo wao ulikuwa umefanyiwa marekebisho mara tatu: Jumatano, Ijumaa, na jana Jumanne. Mara zote tatu kazi ilitoka kwa jina lake, kwenye akaunti yake, kwa neno lake la siri. Polisi walikuwa wamemtafuta siku moja tu, Jumanne ile mama yake alipokuja kuripoti. Kesho yake likatoka rekebisho la kwanza, na Hamim akawarudisha askari wote kituoni kabla ya chakula cha mchana.

"Ile ya Ijumaa ilitoka saa saba na nusu mchana," alisema Kaltumi. "Saa ya swala ya juma. Huyu ni mtoto wa mwalimu wa madrasa, afande. Saa ile yuko msikitini."

"Wewe Mnubi, kaka zako wote wanaenda juma?"

Kaka mmoja wa Kaltumi alikuwa hajauona mlango wa msikiti tangu Idi, na Hamim alikuwa akimjua vizuri.

"Mtu mwenye alifanya kazi jana, huyo si mtu amepotea," Hamim akaendelea. "Huyo ni mtu hataki kuonekana. Labda iko na mwanamke. Saa kumi nataka ripoti ya kufunga hapa mezani. Saa kumi, Kaltumi."

Kaltumi alitoka bila kupiga saluti. Angelipigia saluti lile kabati la chuma kabla ya kumpigia Hamim siku ile.

Kampuni ilikuwa Kabalagala, orofa ya pili, juu ya baa ambayo asubuhi hiyo wanawake wawili walikuwa wakiimwagia maji sakafu yake kuondoa bia ya jana. Ngazi zilikuwa zimelowa. Kaltumi aliteleza kwenye ngazi ya nne, akaumia goti, akamtukana kwa Kinubi mtu asiyemjua.

Mwenye kampuni, Tresor, alimpokea mlangoni. Alikuwa mtu wa Goma, mwembamba, mwenye suti safi na ndara miguuni.

"Afande, karibu tena. Minasema tena ile ile: Wasim iko muzima. Kazi yake inafika. Tena sasa inafika muzuri kuliko mbele."

"Muzuri namna gani?"

"Mbele alikuwa mubishi. Sasa anasikia. Kitu nasema, anafanya."

Kaltumi aliliandika hilo bila kujua kwa nini analiandika.

Chumba kilikuwa na meza nne. Nyuma ya moja aliketi Ayesha, msichana wa kilemba cha zambarau ambaye kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wachezaji. Nyuma ya nyingine aliketi Okwir, kijana wa Lira, mrefu, ambaye ndiye aliyekuwa akiiangalia seva isizime. Meza ya Wasim ilikuwa tupu, lakini mgongoni mwa kiti chake lilining'inia koti la kijivu.

"Hili koti aliliacha Jumatatu ile?"

Ayesha alimtazama Okwir. Okwir akatazama kioo cha kompyuta yake.

"Hiyo koti inakaa hapo tu," alisema. "Akienda kuswali, akienda kula, inabaki. Bosi akipita anaona koti, anajua mtu iko."

Tresor hakucheka. Kaltumi naye hakuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Kituoni kwao kulikuwa na sweta ya koplo mmoja iliyokuwa na mahudhurio mazuri kuliko koplo mwenyewe.

Alivuta kiti, akaanza na lile alilokuwa nalo.

"Rekebisho la Ijumaa lilitoka saa saba na nusu. Wasim saa ile huwa wapi?"

"Msikiti," alisema Ayesha.

"Sasa alilitoaje?"

"Hiyo si kitu, afande," Okwir akadakia, haraka kidogo. "Unapanga saa, inatoka yenyewe. Unaweza kuwa umelala."

Kaltumi alichora mstari juu ya neno "juma" katika daftari lake. Alikuwa ameishi na neno hilo siku tano. Kabla yake aliishi siku mbili na mchezaji mmoja aliyekuwa ameandika kwamba atamfuata Wasim mpaka Old Kampala amvunje miguu. Mchezaji huyo, baada ya barua nne kwa polisi wa Kenya, aligundulika kuwa mwalimu wa hesabu wa Eldoret mwenye miaka hamsini na miwili na ugonjwa wa baridi yabisi. Aliomba radhi kwenye simu mpaka Kaltumi akakata.

"Nielezeni tena," alisema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Mchezo umekwisha kutoka tangu mwaka jana. Watu wanacheza. Mnarekebisha nini kila siku?"

"Nnyabo, afande wangu, watu wanafikiri mchezo ukitoka umeisha," alisema Ayesha. "Ukitoka ndiyo kazi inaanza. Watu kumi na mbili wanaingia ramani moja, wanawindana, wanapigana rangi. Nairobi, Kigali, Goma, wote wako ndani. Mmoja anapata tundu kwenye ukuta, anapita. Kesho mia wanapita. Sasa wananiandikia mimi, mimi nampa fundi, fundi anaziba. Halafu kila msimu tunatoa ramani mpya, mtu anaipakua. Ramani ya mwisho ni ya Wasim. Mtaa wao wenyewe, Old Kampala. Hata nyumba ya mama yake iko."

"Na Namuwongo?"

"Hiyo ilikuwa inafuata. Ndiyo picha alienda kupiga."

"Nionyeshe alichorekebisha tangu Jumatano."

Ayesha alimgeuzia kioo. Orodha ilikuwa ndefu na ya kuchosha: tundu la ukuta karibu na duka la vitambaa, mlango usiofunguka, paa linalomeza mchezaji, taa ya barabarani inayowaka mchana. Kaltumi aliipitia yote, nambari kwa nambari, kwa ukaidi wa mtu asiye na kitu kingine cha kufanya. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Huko chini baa ilifungua redio.

"Kuna lolote hapa alilokuwa amelikataa?" aliuliza mwisho, kwa kuchoka tu.

Ayesha akacheka. "Iko moja. Wote tunaijua. Mia mbili kumi na mbili. Choo."

"Choo gani?"

"Cha nyumba ya mama yake. Kiko uani. Mlango wake unatazama ukuta, mtu akijificha ndani humwoni, unapita tu anakupiga rangi mgongoni. Watu walilia na hiyo choo miezi mitano, bambi, maskini. Wanaomba tu igeuzwe, mlango utazame uani. Mara sita nilimpelekea."

Alimwonyesha. Majibu ya Wasim yalikuwa sita, yote ya maneno mawili: Kinabaki kilivyo. Kinabaki kilivyo. Halafu, chini kabisa, Ijumaa ile: Kimerekebishwa.

Kaltumi alisoma mara ya pili. "Nani alimbadilisha nia?"

"Ni mimi," alisema Tresor, akajipiga kifua. "Kila wiki namuambia, Wasim, geuza ile choo, watu wanakimbia muchezo."

"Alikujibu nini?"

"Hakujibu. Alifanya tu."

"Na mwanzoni alikataa kwa sababu gani?"

Okwir alisimama akasema anakwenda kuchemsha chai, ingawa birika lilikuwa limejaa. Ayesha alikuna kilemba chake.

"Alisema tu kwao ndivyo kilivyo."

Mtu amekataa jambo miezi mitano, mbele ya bosi wake na maelfu ya watu wenye hasira. Halafu anatoweka, anazima simu, anamwacha mama yake bila salamu, na kutoka huko mafichoni jambo analolikumbuka ni kugeuza choo. Kaltumi alihisi limemkaa vibaya, lakini hakujua ni wapi hasa, na hilo lilimuudhi kuliko lile goti lililokuwa likivimba. Saa sita kasoro robo. Alishuka akizishika kuta za ngazi, akasimamisha boda, akamwambia dereva Old Kampala.

Mwalimu Zahara alikuwa ametoka kuwaruhusu wanafunzi wake, na barazani zilibaki juzuu zilizopangwa na mkeka mmoja uliopinda. Nyumba ilikuwa ya kale, nyuma ya duka la vitambaa, ya ukoo uliofika kutoka pwani na misafara ya biashara na haukurudi tena. Watu wa Kampala wote wakikivunja Kiswahili watakavyo, chini ya paa lile hakikuvunjwa.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Jana katoa tena, umeona?"

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomchoma Kaltumi. Siku ya kwanza mama huyu alikuja kituoni akiwa hawezi kusimama. Lilipotoka rekebisho la kwanza alipiga simu akicheka na kulia pamoja. Tangu hapo kila mara alikuwa akiwatetea wote, polisi na mwanawe: atakuwa amekasirika na jambo, atakuwa amechoka, vijana wana mambo yao, mradi mkono wake unafanya kazi basi mwili uko salama.

Akamimina chai ya tangawizi, akasogeza sahani ya kaimati, akachukua simu yake.

"Kila siku baada ya alfajiri naingia. Alinifundisha mwenyewe. Tazama."

Kwenye kioo ilitokea nyumba ile ile. Ngazi zile zile tatu, ya kati imepasuka. Mwalimu Zahara wa mchezoni alikuwa mtu wa kofia nyekundu aliyesimama barazani bila kufanya lolote. Mara mtu akatokea kona, akampiga rangi ya kijani kifuani, akakimbia.

"Wananipiga," alisema, bila kinyongo. "Mimi nakaa tu. Najua kwenda mbele, kugeuka sijui. Nikikaa hapa naona alivyoipanga. Hiyo ngazi aliipasua yeye akiwa mdogo, na huko ndani pia kaipasua. Mtoto asiyejali angefanya hivyo?"

"Huko ndani hufiki? Uani?"

"Nimfuate nani? Uani ndiko wanakojificha wenye bunduki."

Kaltumi alikunywa chai mpaka nusu. Kisha akaomba ruhusa kwenda chooni, na kwa kweli alikuwa na haja nacho tangu Kabalagala.

Choo kilikuwa mwisho wa ua, kijumba cha matofali kilichopakwa chokaa. Kilikuwa kimeupa ua ubavu. Ili kuufikia mlango ilikuwa lazima kukizunguka na kujipenyeza upande upande kati yake na ukuta wa jirani, mahali penye tope na waya wa kuanikia nguo. Kaltumi alijipenyeza, akagonga goti lile lile, akauliza moyoni ni mwendawazimu gani aliyejenga mlango mahali pale wakati ua mzima uko wazi mbele yake.

Akaketi. Na alipokuwa ameketi humo, gizani, uso ukielekea ukuta wa jirani, akalipata jibu.

Alikuwa ameuona mkeka wa kuswalia sebuleni, umetandikwa kuelekea kaskazini, ukipinda kidogo mashariki. Kijumba kile kilikuwa upande huo huo. Mlango ungetazama ua, aliyeketi ndani angeipa kibla mgongo. Ungetazama nyuma, angeipa uso. Yeye sasa alikuwa ameipa bega. Bibi yake huko Bombo alikuwa akiwafukuza kwa mwiko wajukuu waliochutama vibaya nyuma ya nyumba, na hakuna hata mmoja wao aliyesahau pande hizo mpaka leo.

Alinawa mikono mara mbili ili apate muda.

"Mwalimu," alisema alipoketi tena, "choo kilijengwa na nani?"

"Babu yake Wasim. Watu wote wanaulizia huo mlango." Mwalimu Zahara akatabasamu. "Huyu mtoto nimemchapa mara moja tu maishani mwangu, akiwa na miaka saba. Nilimkuta uani anakojoa kaelekea kibla, na mlango wa choo uko wazi. Nikamchapa, kisha nikalia mimi kuliko yeye. Hakurudia."

"Naomba simu yako kidogo."

Alimsogeza mtu wa kofia nyekundu mbele, akampitisha sebuleni, akamtoa uani. Alipigwa rangi mara mbili. Mwisho wa ua kilisimama kijumba cheupe, na mlango wake ulikuwa wazi, mpana, ukitazama ua wote.

"Umeona nini?" aliuliza Mwalimu Zahara.

"Naangalia tu, mama."

Alisema uongo vibaya sana. Alimrudisha mtu wa kofia nyekundu kinyumenyume mpaka barazani, akairudisha simu, akaaga akiwa amesimama, na kaimati alizofungiwa kwenye karatasi akazisahau kwenye mkeka.

Saa tisa na dakika tano alikuwa amerudi juu ya baa. Alimwita Okwir nje, kwenye veranda ya nyuma yenye makreti ya chupa tupu, akafunga mlango.

"Wewe ni rafiki wa Wasim?"

"Sana."

"Kwa nini alikataa kugeuza choo?"

"Alikuwa kichwa ngumu tu, afande."

"Hujui."

"Ee, sijui."

"Mimi nimejua leo. Mtu akiwa chooni haipi kibla uso wala mgongo. Wasim alichapwa kwa jambo hilo na mama yake akiwa na miaka saba, mara moja maishani mwake. Angegeuza Kampala yote kabla ya kukigeuza choo kile. Sasa niambie, kilijigeuza chenyewe?"

Okwir aliokota chupa tupu, akairudisha kwenye kreti. Huko chini mtu alikuwa akipanga glasi.

"Ni bosi alikuwa anapiga kelele," alisema mwisho. "Nikaona ni kitu ndogo."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Zote tatu?"

"Zote tatu." Alikaa juu ya kreti, miguu yake mirefu ikakosa pa kwenda. "Afande, skiza. Mwaka jana baba yangu alikufa. Nilienda Lira wiki mbili. Tresor hakujua, alifikiri niko nyumbani nafanya kazi. Ni Wasim alinishikia. Apdeti zote zilitoka na jina yangu. Sisi tunajua pasiwedi ya kila mmoja. Sasa Jumatatu ile akasema anaenda kupiga picha, atarudi jioni. Hakurudi. Jumanne hakurudi. Na Tresor alikuwa ameshasema, apdeti ya Jumatano ikikosa, Wasim hana kazi. Mimi ningefanya nini?"

"Mimi nilikuja hapa Jumatano ile ile."

"Ulikuja."

"Nikauliza kama kazi imetoka kwa Wasim."

"Uliuliza bosi. Bosi akasema ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Okwir alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwao. Kaltumi alikumbuka hata alichokuwa akila: chapati ya mayai, kwenye gazeti.

"Nilisema Alhamisi atarudi," Okwir akasema. "Halafu nikasema Jumatatu. Kila siku nilikuwa nasema akirudi ataeleza mwenyewe. Halafu siku zikawa nyingi, nikaogopa mtasema ni mimi nimemfanya kitu."

Kaltumi alitaka kumzaba kofi. Alitaka hivyo kwa dhati, mpaka akaweka mikono nyuma. Kumbe hakukuwa na ujanja wowote, wala adui, wala mtu aliyepanga kuwapoteza njia. Kijana huyu alikuwa amemtundikia mwenzake koti kitini, kama wanavyofanyiana kila siku, na polisi wa kituo kizima wakaliona koti wakarudi nyumbani.

"Aliko hujui?"

"Wallahi sijui," alisema Okwir, ambaye hakuwa Mwislamu. "Nilifikiri nyinyi mnamtafuta."

"Picha alizokwenda kupiga. Ziko wapi?"

"Simu yake inazituma yenyewe kwa seva." Akautazama mlango uliofungwa. "Hakuna mtu alizifungua. Zinangoja yeye."

Walizifungua pamoja, Tresor na Ayesha wakiwa wamesimama nyuma yao. Zilikuwa arobaini na moja. Vibanda, mfereji, njia ya reli, mwanamke anayeuza mkaa, kuku juu ya tairi. Ya mwisho ilipigwa Jumatatu, saa kumi na dakika kumi na mbili. Ilionyesha mfereji huo huo, na ng'ambo yake wanaume wawili walioshika pikipiki ya rangi ya maziwa, wakimtazama mpiga picha. Pikipiki ilikuwa ya Wasim. Kaltumi aliijua namba yake kwa moyo.

Picha hiyo ilikuwa imekaa humo ndani siku tisa, na yeyote mwenye kidole angeweza kuiona.

Alimpigia Hamim saa kumi kasoro robo. Alimweleza kwa sentensi fupi, bila kumpa nafasi ya kukatiza, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Hamim hakukatiza.

"Chukua askari sita," alisema Hamim. "Na mimi nakuja."

"Afande, ile Jumanne tulikuwa nao kumi na wawili."

"Najua, Kaltumi."

Alikuwa ameshinda. Alikuwa amepata alichokuwa akikipigania tangu asubuhi: faili haifungwi. Alimwambia Okwir achukue koti lake, anakwenda naye kituoni kuandika maelezo. Okwir akasema hana koti. Wote wanne waligeuka wakatazama lile la kijivu.

Simu ikalia mkononi mwake. Alidhani ni Hamim. Haikuwa Hamim.

"Afande," ilisema sauti ya Mwalimu Zahara, taratibu sana. "Nimefika uani."

Kaltumi alisogea mpaka dirishani.

"Ulipoondoka nikajiuliza umeona nini huko. Nikaenda mbele tu, mbele, mpaka nikafika. Choo kimegeuzwa."

"Ndiyo, mama."

"Wasim hawezi kukigeuza."

"Si yeye aliyekigeuza. Ni mwenzake. Alikuwa akimfanyia kazi ili asifukuzwe."

"Na kazi ya Jumatano? Na ya jana?"

"Zote, mama. Ni huyo huyo."

Upande wa pili hapakuwa na kilio. Palikuwa na muziki wa mchezo, kwa mbali, na mlio wa rangi ikimpiga mtu mara moja, kisha tena, kisha tena, na hakuna aliyekuwa akisogea.

"Basi siku zote hizi tisa," aliuliza Mwalimu Zahara, "mlikuwa mkimtafuta nani?"

"Hatukuwa tukimtafuta mtu, mama," alisema Kaltumi.